Nani Aonaye, Jicho au Ubongo?

Mtu akiulizwa aona kwa kitu gani hujibu mara moja, "Kwa macho," na pengine akamdhania mwulizaji kuwa amepungukiwa na akili. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Na mimi nimeona katika jamaa zetu jinsi nusu ile nyingine, kwa kutojulikana, ilivyokaribia kuukata udugu baina ya baba na bintiye wa kumzaa. Hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu. Walakini kisa chenyewe hakitafahamika mpaka kwanza tujue jicho lafanya kazi gani, na kazi ipi si yake.

Watu wa kale walikuwa na rai mbalimbali juu ya jambo hili. Wako waliodhani, na miongoni mwao ni Euclid na Ptolemy, kwamba jicho hutoa mwali wake lenyewe ukaenda kuvigusa vitu, kama kipofu aipapasavyo njia kwa mkongojo. Aliyeivunja rai hiyo kwa hoja ni Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040. Katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, alieleza kuwa nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, na mojawapo ya hoja zake ni nyepesi mno: mtu akilitazama jua huumia, na akifumba macho hubakiwa na alama ya ule mwangaza, basi jicho lingeumizwaje na kitu likitoacho lenyewe? Vijana wetu wengi wamekwisha kuisikia habari hiyo, maana hutajwa kwa fahari. Lakini liko neno lake jingine lisilotajwa sana, nami naliona kuwa kubwa zaidi. Alisema kuwa hisi tupu ya jicho haipati ila nuru na rangi. Ama umbali wa kitu, ukubwa wake, umbo lake, mwendo wake na kutulia kwake, hayo hupatikana kwa nguvu ya kupambanua iliyo ndani ya mtu, nayo hufanya kazi upesi hata mwenyewe asijue kuwa amepambanua. Tena alisema kuwa jicho huona kwa uwazi katikati yake tu, kwa hivyo atakaye kukichunguza kitu hana budi kulipeleka jicho sehemu baada ya sehemu.

Si kila alilolinena lilisimama. Yeye alidhani kuwa pahala pa kuhisi ni kwenye lenzi, na ikapita karibu miaka 600 mpaka Kepler, mwaka 1604, alipoonyesha kuwa sura huchorwa kwenye utando wa nyuma ya jicho, tena kichwa chini miguu juu. Lakini lile la kuona katikati, na lile la kupambanua, yamesimama mpaka leo, na elimu ya siku hizi haikufanya ila kuyapanua.

Msomaji aweza kujijaribu mwenyewe hapo alipokaa. Nyosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba. Upana wa kidole hicho, mkono ukiwa umenyooka, ndio takriban upana wote wa mahali unapopaona kwa uwazi kamili. Kilichobaki, kuliani na kushotoni, juu na chini, ni kiwingu: rangi hafifu na maumbo yasiyokatika vizuri. Likazie jicho neno moja katika ukurasa huu bila kulihamisha, kisha jaribu kusoma neno la tano kutoka hapo. Hutaweza, ijapokuwa limo mbele yako. Mbona basi sote twadhani kuwa twaiona sebule nzima kwa uwazi? Ni kwa sababu macho hayatulii. Hurukaruka mara tatu hivi kwa kila sekunde, yakichota hapa kidogo na pale kidogo, na ubongo hushona vipande hivyo vikawa nguo moja. Na wakati wa kuruka kwenyewe, ubongo huufunga mlango ili tusione mtikisiko. Simama mbele ya kioo utazame jicho lako la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Mwenzio aliyesimama kando ataona macho yako yakienda na kurudi. Wewe mwenyewe hutayaona yakitembea kamwe.

Uko mwendo mwingine wa macho ulio tofauti na huo wa kuruka. Jaribu kuyapitisha macho polepole, kwa ulaini, toka pembe moja ya ukuta mtupu mpaka pembe nyingine. Hayatakubali, yatakwenda kwa kuchupa kama panzi. Lakini mwambie mtoto apitishe kidole chake mbele ya ukuta huo huo, nawe kifuate. Hapo macho yatateleza kama mashua penye maji matulivu. Hayo macho mawili huvutwa na misuli sita kila moja, na hiyo haiteleshi jicho namna hiyo ila iwe na kitu cha kufuatwa. Tena kufuata kwenyewe si kukokotwa nyuma ya kitu. Habari ya kitu kiendacho huchukua kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde tangu kufika jichoni hata macho yaanze kujibu, na katika muda huo mpira uliopigwa umekwisha kwenda mbali. Basi ubongo hukisia. Wataalamu wawili wa Uingereza, Land na McLeod, waliwapima wachezaji wa kriketi, na mwaka 2000 wakaeleza kwamba mpigaji hodari haufuati mpira njia nzima kwa macho. Hutazama unapotoka mkononi, kisha macho yake hutangulia kuruka mpaka pale utakapodunda, yakaungojea. Apigaye vizuri ni yule atanguliaye kwa ukadirio.

Na jaribio moja zaidi, kisha tutaendelea. Fumba jicho moja, na hilo lililo wazi lisukume taratibu kwa ncha ya kidole, juu ya kope, pembeni. Chumba kizima kitatikisika. Lakini ulipoligeuza jicho hilo hilo kwa nia yako, mara elfu tangu asubuhi, chumba hakikutikisika hata mara moja. Sababu ni kuwa ubongo uamuruni jicho ligeuke, hujipelekea nakala ya amri hiyo, ukajua kuwa kilichotembea ni jicho wala si ukuta. Kidole hakikupeleka nakala.

Sasa tuifuate njia ya habari hizo toka jichoni. Utando ule wa nyuma ya jicho una chembe zishikazo nuru zipatazo karibu milioni 100, nazo habari zake hukusanywa katika mshipa wenye nyuzi kama milioni 1 tu. Kwa hivyo jicho lenyewe limekwisha kuchuja na kufupisha kabla ya kupeleka neno. Mishipa ya macho mawili hukutana chini ya ubongo, na hapo nyuzi kiasi cha nusu huvuka upande wa pili. Matokeo yake ni haya, nami namwomba msomaji ayashike, maana kisa kitayahitaji: vyote vilivyo kushotoni kwako, uvitazame kwa jicho hili au hili, habari zake huenda upande wa kulia wa ubongo, na vya kuliani huenda upande wa kushoto.

Sehemu kubwa ya nyuzi hizo hufikia kisogoni. Aliyeanza kuichora ramani ya hapo kwa usahihi ni tabibu wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliyewachunguza askari waliojeruhiwa kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905. Risasi zilikuwa zikitoboa tundu dogo zikapita, na mtu akapona. Inouye akawa akilinganisha lile tundu lilipo na ile sehemu ya mandhari iliyomtoweka mgonjwa, na mwaka 1909 akatoa maandishi yake. Toka kisogoni njia hugawanyika. Mwaka 1982 Ungerleider na Mishkin wa Marekani walieleza njia mbili kubwa: moja ya kuteremka kuelekea masikioni, ambayo hutambua kitu ni nini, na moja ya kupanda kuelekea utosini, ambayo hutambua kipo wapi. Na iko sehemu yake peke yake kwa ajili ya mwendo. Palikuwa na mwanamke mmoja nchini Ujerumani, ambaye habari zake zilitolewa mwaka 1983, aliyeharibikiwa na sehemu hiyo pande zote mbili. Akimimina chai aliiona imesimama kama barafu, asijue kikombe kitajaa lini. Na motokaa aliiona ikiwa mbali, kisha ghafula i mbele yake, pasipo kuiona ikija. Rangi alizijua, nyuso alizitambua, maandishi aliyasoma.

Tena si habari zote ziendazo kisogoni. Nyuzi nyingine hushukia kwenye vijilima viwili vidogo vilivyo juu ya shina la ubongo, kazi yake ikiwa ni kugeuza macho na kichwa kuelekea lolote lizukalo ghafula. Hivyo ni vya kale sana. Chura naye anavyo vya namna hiyo, na kwa hivyo humdaka nzi. Mwaka 2008 ilielezwa habari ya mtu mmoja, daktari, ambaye kisogo chake kilikuwa kimekufa pande zote kwa kiharusi, mwenyewe akasema kuwa haoni chochote. Lakini walipompitisha bila mkongojo katika ujia uliotiwa makasha na vitu vingine vya kuzuia, alivikwepa vyote asijue kuwa amevikwepa.

Hapa ndipo nifikapo kwa ami yangu.

Ami ni mwalimu wa chuo katika mji mmoja wa pwani, na watu wazima wengi wa mtaa ule wamepita mikononi mwake na kikoto chake. Ana mabinti na wana, na mmoja wa hao mabinti aliolewa na mtu ambaye ami hakumpenda. Ndoa yenyewe ilifungwa, yeye akasimamia kama impasavyo walii, lakini maneno yaliyosemwa kabla ya siku ile hayakuwa matamu, na binti akahamia bara kwa mumewe na barua zikawa chache. Ikapita miaka mitatu. Ndipo ami alipoamka alfajiri moja na mkono wa kushoto ukiwa mzito na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Alilazwa siku kadha wa kadha katika hospitali moja, akapewa dawa za shinikizo la damu, akarudishwa nyumbani, wala hapana aliyewaambia wenyewe neno lolote zaidi ya kwamba mkono utapata nguvu polepole.

Binti aliposikia alipanda basi usiku ule ule. Kitanda cha ami kilikuwa kimewekwa hivi: kuliani kwake mlango na viti vya wageni, kushotoni nafasi nyembamba baina ya kitanda na ukuta. Wageni wakimiminika mlangoni, binti alijichagulia ile nafasi ya ukutani, pamoja na beseni na vitambaa vyake. Na hapo ndipo ilipoanza huzuni. Ami alizungumza na kila aingiaye. Alicheka na watoto wake wa kiume. Kwa binti hakugeuka. Binti akisema, "Baba, nikupe maji?" ami hutazama kuliani, akamjibu aliyekaa kitini, "Sitaki maji sasa," kana kwamba ndiye aliyemwuliza. Mara mbili tatu binti alipopitia upande wa mlango, babaye alimwitikia salamu na kumwuliza habari za safari. Naye binti akasema moyoni kuwa hayo ni ya mbele za watu, maana akirudi ukutani humpuuza vile vile. Siku ya sita alianza kukunja nguo zake. Alimwambia mamaye, "Mama, mimi nirudi kwangu. Baba hajaniridhia, na kukaa kwangu hapa kwamzidishia maradhi."

Msomaji atauliza, je, haikumpitikia mtu kuwa huenda mzee haoni vizuri? Iliwapitikia, lakini yalikuwapo yaliyoifukuza fikira hiyo. Kila asubuhi ami aliwekewa msahafu akasoma, wala hakupoteza hata herufi. Wakasema, mtu asomaye hivi macho yake mazima na akili yake nzima. Basi afanyalo alifanya kwa kusudi. Hawakukumbuka kuwa Kurani imo kifuani mwake tangu utotoni, na kwamba jicho likiona mwanzo wa mstari tu, ulimi hujimalizia wenyewe. Nami siku ile nilimletea barua ya rafiki yake wa zamani, Mswahili wa kale ambaye bado huandika kwa hati ya Kiarabu. Barua haikuwa kifuani mwa mtu. Ami alisoma kila mstari kutoka kulia, akifika katikati huacha, hushuka mstari wa pili, akaacha tena. Kisha akakunja karatasi, akasema rafiki yake amezeeka, maneno yake hayaungani. Nikampa gazeti la hati ya kizungu. Hapo alianzia katikati ya mistari, akiziacha sehemu za mwanzo, naye akalaumu wapiga chapa.

Nilipomhadithia mkewe, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo yeye alikuwa amelitambua zamani bila kulipa jina. Mzee akila wali, hula nusu ya kulia ya sahani, husema sahani imekwisha naye bado ana njaa. Mama huizungusha sahani, na mzee hufurahi kuwa ameongezwa. Ndevu alizipunguza upande mmoja. Kandambili ya kushoto huiacha chini ya kitanda akasimama na moja. Mama alikuwa akiyatengeneza yote hayo kimyakimya, kwa kumstahi mumewe. Mimi naamini kuwa mwanamke yule, asiyejua jina la sehemu yoyote ya ubongo, aliugundua ugonjwa ule kabla ya madaktari. Na laiti wangemwuliza.

Tulimpeleka kwa daktari mwingine, kijana mwenye subira. Alimpa karatasi akamwomba achore saa ya ukutani. Ami alichora duara nzuri, kisha akazipanga tarakimu zote 12 upande wa kulia, zimesongamana kama watu mlangoni pa mahakama. Akampa mstari akamwambia auweke alama katikati. Alama ikaenda kulia mno. Daktari akatueleza kwamba macho ya mzee ni mazima, na hata kisogo chake hakina kitu. Kilichopata ajali ni upande wa kulia wa ubongo kuelekea utosini, katika ile njia ya kutambua kitu kipo wapi. Mtu aliyepoteza nusu ya mandhari kwa kisogo hujua kuwa amepungukiwa, naye hugeuza kichwa kutafuta. Lakini huyu hakupungukiwa na kuona. Amepungukiwa na upande wenyewe. Kushoto kumeondoka katika hesabu ya ulimwengu wake, na mtu hatafuti kisichokuwako.

Jambo hili ni gumu kulikubali mpaka mtu ayasikie majaribio yaliyofanywa na wataalamu. Mjini Milan, nchini Italia, Bisiach na Luzzatti mwaka 1978 waliwaambia wagonjwa wa namna hii, wenyeji wa mji, wafikirie wamesimama mwisho mmoja wa uwanja mkubwa wa mji, wakiielekea kanisa kuu, na wayataje majumba wayaonayo kwa macho ya moyo. Wakataja ya kulia, wakayaacha ya kushoto. Kisha wakaambiwa wafikirie wamesimama kwenye milango ya kanisa, wakiutazama mwisho ule wa kwanza. Wakayataja yale yale waliyokuwa wameyaacha, maana sasa yamekuwa kuliani. Na yale waliyoyataja mwanzo wakayasahau. Hapo hapana jicho wala nuru, ni kumbukumbu tupu, na bado kushoto hakupo. Na mwaka 1988 Marshall na Halligan wa Uingereza walieleza habari ya mwanamke aliyeonyeshwa picha mbili za nyumba moja. Katika picha moja upande wa kushoto unawaka moto. Akasema picha ni sawasawa. Alipoulizwa angependa kukaa katika ipi, alikuwa akichagua mara nyingi ile isiyo na moto, na huku akisema kuwa swali lenyewe ni la upuuzi. Kwa hivyo habari ya moto ilikuwa imeingia ndani yake. Haikuruhusiwa tu kufika mbele ya baraza.

Kwa nini balaa hii huwapata zaidi walioumia upande wa kulia wa ubongo? Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kuwa upande wa kushoto wa ubongo huangalia kulia peke yake, na upande wa kulia wa ubongo huangalia pande zote mbili. Ukifa ule wa kushoto, wa kulia hushika zamu zote. Ukifa wa kulia, hapana mlinzi wa kushoto.

Turudi kwa binti. Daktari alipomaliza, yeye ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yetu sote: "Na sauti je? Kama hanioni, mbona akinisikia hunijibu upande mwingine?" Akajibiwa kuwa hilo nalo ni katika ugonjwa huo huo, sauti itokayo kushoto huisikia, lakini kwa kuwa kushoto hakupo, huipa mwenyewe aliye kulia. Jioni ile walikihamisha kitanda. Binti akaketi kitini, kuliani, akamshika babaye mkono. Ami akamtazama kwa muda. "Umekuja lini?" akamwuliza.

"Nina siku sita, baba."

"Siku sita! Nami nikasema, yule aliyekuja kunisalimu amekwenda wapi, hata kunyoshea miguu hakai?"

Nisije nikampamba ami kuliko alivyo. Siku chache baadaye walizungumza juu ya ile ndoa, na mzee alimwambia wazi kuwa hakuipenda na bado haipendi, na binti akamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Ugomvi wao ulikuwapo kweli, na umebaki wao. Lakini siku sita zile hazikuwa katika ugomvi huo, na kama angeondoka asubuhi ile, zingehesabiwa ndani yake mpaka kufa.

Mafundisho tuliyopewa yalionekana kwanza kama yapinganayo. Mkiwa na neno la maana au chakula au dawa, tuliambiwa, kaeni kulia, mzee asiteseke. Lakini kila siku, kwa muda, mumwite kuelekea kushoto: aanze anayesema akiwa mbele yake, kisha asogee kushoto hatua kwa hatua, ili kichwa kimfuate. Mkono wa kushoto ukandwe na utikiswe mbele ya macho yake. Katika karatasi, upande wa kushoto wa ukurasa uchorwe mstari mwekundu mnene, na asomaye asiache mstari wala asianze mwingine mpaka jicho lifike kwenye wekundu huo. Mke wa ami hakupenda wino kuuchafua msahafu. Akashona utepe mwekundu wa kuwekwa kando yake, naye ami hufika kwenye utepe akiunung'unikia. Daktari alitaja pia miwani ya vioo vya pembe, iliyojaribiwa na Rossetti na wenzake huko Ufaransa mwaka 1998. Miwani hiyo huisukuma mandhari nzima kuelekea kulia. Mgonjwa akinyosha kidole kugusa kitu hukikosa, akajirekebisha kushoto mara nyingi, na miwani ikivuliwa hubakia na mazoea ya kushoto kwa kitambo. Wataalamu bado wabishana ni kwa kiasi gani yafaa katika maisha ya kila siku, na sisi hatukuipata.

Likazuka suala la sala. Ami alitoa salamu ya kulia kwa kugeuka vizuri, na ya pili akaitamka huku uso umebaki kulia, na wanawe wakaona haya kumkumbusha. Shehe wa msikiti wao aliwatuliza: kwa madhehebu yetu ya Shafii salamu ya faradhi ni ile ya kwanza, ya pili ni sunna na kugeuka ni sunna, na mgonjwa hutenda awezavyo. Hata hivyo yule daktari kijana alipoisikia alifurahi, akasema hilo ni zoezi bora kuliko yote aliyowafundisha, kwa kuwa mzee hulitaka mwenyewe mara tano kila siku. Mjukuu mmoja akawekwa kushotoni kwake katika sala, na babu asipogeuka mjukuu hugusa bega lake baada ya kumaliza, naye hugeuka.

Barabara ndiyo iliyotutia hofu zaidi. Magari yetu hushika mkono wa kushoto wa barabara, kwa hivyo avukaye hufikiwa kwanza na gari litokalo kuliani, na akishafika katikati hatari hutoka kushoto. Ami angevuka nusu ya kwanza kwa busara zote za mtu mzima, na nusu ya pili kama kwamba yu uani kwake. Kwa hivyo havuki peke yake. Hili aliligombania kuliko jambo lolote.

Nataka pia wasomaji wenye wazee majumbani wajue kuwa kiharusi kina saa zake. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakiharibika ghafula, hapana kungoja kupambazuke wala kutafuta kwanza nani aliyemhusudu. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hufaa katika muda wa kama saa nne na nusu za mwanzo, na ni lazima kwanza ubongo upigwe picha ijulikane kuwa mshipa haukupasuka. Si kila hospitali inayo, lakini ile inayo haiwezi kumfaa aliyefikishwa kesho yake. Na mgonjwa akirudi nyumbani, sahani ya wali na saa ya kuchorwa ni vipimo visivyogharimu kitu.

Sasa ni mwaka na zaidi. Wagonjwa wengi wa namna hii hupata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo, na ami ni mmoja wao. Hula sahani nzima, na barua za rafiki yake zimeanza kuungana. Kilichobaki ni kitu kidogo cha ajabu. Ukimwonyesha kidole kimoja kushoto, hukiona. Ukimwonyesha kimoja kulia, hukiona. Ukimwonyesha viwili kwa pamoja, kimoja kila upande, husema ni kimoja, cha kulia. Vya pande mbili vikishindana, kushoto hushindwa. Binti yake huja kila likizo pamoja na watoto wake wawili pacha, nao kwa desturi hukimbilia kwa babu pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Yule wa kushoto amekwisha kujifunza. Husimama kimya mpaka nduguye amalize kukumbatiwa na kuondoka, kisha babu humwona, akashtuka kwa furaha: "Ala! Nawe umekuja?"